Eko, CT Scan, MRI au kipimo cha kuuchosha moyo? Kuchagua picha kwa mwenye maumivu ya kifua, ukiwa Dodoma

"Tunataka apigwe kipimo kikubwa." Sisi tunaofanya kazi kwenye vyumba vya picha tunaisikia sana kauli hiyo. Mzee ameletwa kutoka Chamwino au Kibaigwa, kifua kimembana tangu usiku. Watoto wamechanga fedha, na mmoja yuko Dar anapiga simu kila baada ya muda kuuliza kama MRI (picha inayochukuliwa kwa sumaku) imeshafanyika. Mara nyingi MRI siyo anayoihitaji mzee. Wakati mwingine hahitaji picha yoyote, angalau si siku hiyo.

Hapa nalinganisha picha za moyo zinazochukuliwa bila kupitisha waya kwenye mishipa, kwa mgonjwa anayedhaniwa kuwa mishipa inayolisha moyo wake imeanza kuziba ghafla. Mwenye maumivu ya miaka mitatu yanayokuja akipanda mlima na kuondoka akipumzika ana njia yake nyingine. Namzungumzia aliyefika mapokezi leo.

Kwanza, je, picha inahitajika?

Mgonjwa wa kifua akifika hospitali huanza na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na miongozo ya kimataifa inataka ipigwe na kusomwa ndani ya dakika 10. Inafuata troponini, protini inayovuja kwenye damu pale msuli wa moyo unapoumia. Hivi viwili vina gharama ndogo kuliko picha nyingi nitakazozitaja, na ndivyo vinavyopanga nani aingie chumba gani.

ECG ikionyesha kuwa mshipa umeziba kabisa, mjadala wa picha umekwisha. Mshipa ufunguliwe kwa waya na puto kama mgonjwa anaweza kufikishwa na kufunguliwa ndani ya dakika 120. Ikishindikana, apewe dawa ya kuyeyusha bonge la damu hapo hapo alipo, kama hana kizuizi cha kuipata na saa 12 hazijapita tangu maumivu yaanze. Kondoa hadi Dodoma mjini ni kilomita kama 160. Ukihesabu kutafuta gari, kuandika rufaa na kumpakia mgonjwa, muda huo unaweza kuwaishia kabla hamjafika Mayamaya. Kumpanga mtu huyo kwenye foleni ya CT (picha za mionzi zinazounganishwa na kompyuta) ni kumpotezea msuli wa moyo. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya haraka kando ya kitanda ni sawa, mradi dawa isiisubiri.

Upande wa pili yuko kijana wa miaka 26. Kifua chake kinauma ukikibonyeza, ECG ni safi, troponini imepimwa mara mbili na haijapanda. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unasema mtu wa hatari ndogo kama huyu hahitaji picha ya haraka. Aende nyumbani na maelekezo ya lini arudi. Familia nyingi hazilipendi jibu hili. Mtu amelipa nauli kutoka Manyoni halafu anarudishwa na karatasi mbili, anaona hajahudumiwa.

Nimesema troponini mara mbili kwa makusudi. Protini hii haipandi papo hapo. Kipimo cha kawaida hurudiwa baada ya saa 3 hadi 6, na kile chenye usikivu wa juu baada ya saa 1 hadi 3. Anayekimbilia CT kwa sababu troponini moja, iliyopimwa maumivu yakiwa bado mabichi, imetoka safi, ameruka ngazi.

Anabaki wa kati: ana miaka hamsini na kitu, ana presha au kisukari, pengine anavuta sigara, maumivu yanatatanisha, ECG haisemi kitu cha maana, troponini haijapanda au imesimama mpakani. Picha zina kazi hasa kwa huyu. Na nina wasiwasi kwamba huku kwetu watu wa kati ni wengi kuliko tunavyowahesabu, kwa sababu maumivu ya chembe ya moyo hutibiwa kwanza kama vidonda vya tumbo. Mtu anamaliza dozi mbili tatu za omeprazoli kabla hajawekwa kwenye ECG. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa dharura Moshi walikuta kuwa shambulio la moyo mara nyingi hupita bila kutambuliwa, na sioni sababu ya kudhani kanda ya kati tuna macho makali zaidi.

Eko

Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, jeli ya baridi kifuani. "Mbukwa, baba," mtaalamu anamsalimia mzee wa Kigogo, kisha anaendelea kwa Kiswahili: "Vuta pumzi. Itoe yote. Subiri hapo hapo." Kwenye skrini ukuta wa moyo unanenepa na kuingia ndani kila pigo. Sehemu isiyopata damu ya kutosha huzubaa: inasogea kidogo, au haisogei kabisa wakati majirani zake wanafanya kazi.

Uzubavu huo huanza mapema sana, kabla ECG haijabadilika na hata kabla mgonjwa hajahisi maumivu. Kwa hiyo thamani ya eko inategemea saa iliyopigwa. Ikipigwa mgonjwa akiwa bado anaugulia, na kuta zote zinasogea vizuri, dhana ya kwamba sehemu kubwa ya moyo inakosa damu inadhoofika sana. Ikipigwa kesho yake, maumivu yalishaondoka, eko safi haina uzito huo, kwa sababu ukuta uliozubaa jana unaweza kuwa umerudi kazini. Swali la kwanza la mtaalamu wa eko linapaswa kuwa, "Baba, hivi sasa kinauma?" na jibu liandikwe kwenye ripoti. Nimeona ripoti nyingi nzuri zisizo na sentensi hiyo, na daktari anayezisoma usiku hajui azipe uzito gani.

Kwa Dodoma naitetea eko kwa sababu nyingine tena. Kifua kinachouma hapa kina sababu nyingi ambazo vitabu vya Ulaya huzipitia haraka. Kuna maji yanayojaa kuzunguka moyo, ambayo kwetu kifua kikuu ni sababu ya kawaida. Kuna vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, kuna moyo ulionenepa kwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa. Bonge la damu kwenye mapafu huuvimbisha upande wa kulia wa moyo, na mara nyingine mshipa mkuu unachanika. Eko inaweza kukuonyesha haya, au dalili zake, kwa muda mfupi, kitandani, bila mionzi, bila sindano ya kontrasti (dawa ya kuifanya mishipa ionekane kwenye picha) na bila kuzigusa figo. Mwenye maji kuzunguka moyo akipewa dawa kali za kuzuia damu kuganda kwa kudhaniwa ana mshtuko wa moyo, anaweza kuvuja damu humo humo. Kwa huyo, CT ya mishipa ya moyo isingekuwa jibu la kwanza hata kama ingekuwa mlango wa pili.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Haionyeshi mishipa yenyewe. Ukuta usiosogea leo inaweza kuwa kovu la miaka mitano, ingawa ukuta mwembamba na mweupe kuliko wenzake humwelekeza msomaji kwenye kovu. Mtu mnene sana, au mwenye mapafu yaliyotanuka kwa moshi, hupitisha mawimbi vibaya, na picha inakuwa ukungu. Halafu kuna mkono wa mpigaji. Mashine ile ile, mgonjwa yule yule, watu wawili wenye uzoefu tofauti watakuletea ripoti mbili.

CT ya mishipa ya moyo

Hiki ndicho kipimo ambacho watu wanakijua kwa jina na hawakijui kwa undani. CT Scan ya kichwa baada ya ajali ya bodaboda haina ukaribu nacho isipokuwa mashine. Moyo unadunda, na ili upate picha ya mshipa wenye upana wa milimita tatu unaocheza muda wote, unahitaji mashine ya angalau slaisi 64 (inayochukua vipande 64 vya picha kwa mzunguko mmoja), inayosoma ECG ya mgonjwa na kupiga katika ile nafasi fupi moyo unapotulia. Unahitaji programu yake na mtu aliyefundishwa kusoma. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina CT Scan, na hiyo ni hatua kubwa, lakini kuwa na CT Scan si sawa na kuwa na CT ya moyo. Ulizeni kabla ya kulipa: je, mashine hii hupiga mishipa ya moyo, na nani anasoma?

Mgonjwa akifika chumbani kwetu jambo la kwanza ni mapigo. Tunayataka yawe chini ya 65 kwa dakika, na 60 kushuka chini ni bora zaidi. Aliyetoka safarini na mwenye hofu huanza na 85. Anapewa metoprololi, dawa ya kupunguza mapigo, anakaa kwenye benchi, tunapima tena. Hapa ndugu hukasirika: "Mbona mmemweka tu?" Kumweka huko ndiko kunakoamua picha itoke au iharibike. Kisha anawekewa naitrogliserini chini ya ulimi ili mishipa itanuke, na hapo kuna jambo ambalo lazima niliseme wazi. Mwanaume aliyemeza dawa ya nguvu za kiume ya aina ya sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, asipewe naitrogliserini, presha inaweza kuporomoka vibaya. Mbele ya watoto wake na wakwe hakuna mzee atakayekiri. Watoeni ndugu nje kwanza, ndipo mumuulize.

Kontrasti yenye iodini inaingia kwa mshipa wa mkono. Joto linapanda kooni, linashuka mpaka nyonga, na mgonjwa anahisi kama amejikojolea. Hajajikojolea, tunamwambia mapema ili asishtuke, kwa sababu akishtuka mapigo yanapanda. Anabana pumzi kwa sekunde chache. Imekwisha.

Anachokipata ni ramani ya mishipa. Nguvu kubwa ya CT ni kukataa: mishipa ikionekana safi kwa picha nzuri, uwezekano kwamba kifua kile kinauma kwa sababu ya kuziba kwa mishipa ya moyo unashuka chini kabisa. Kuthibitisha ndiko kunakoisumbua. Chokaa nyingi kwenye ukuta wa mshipa hung'aa na kufanya uwazi uonekane mdogo kuliko ulivyo. Mzee wa miaka 75 mwenye kisukari cha miaka ishirini mara nyingi hutoka na ripoti ya "haiwezi kutathminiwa vizuri", na familia imeshalipa. Stenti (vibomba vya chuma vya kuushikilia mshipa wazi) ndogo, chini ya milimita tatu, nazo hazisomeki vizuri ndani yake. Mapigo yanayorukaruka bila mpangilio huikata picha vipande.

Kuna pia CT ya kuhesabu chokaa tu, isiyotumia kontrasti. Ina gharama ndogo na inavutia. Kwa mtu mwenye maumivu ya leo msiitegemee peke yake, kwa kuwa mafuta laini yanayopasuka na kuziba mshipa yanaweza kuwa hayana chokaa hata chembe.

Tafiti zinasema nini? Mwaka 2012 utafiti wa ROMICAT-II wa Marekani uliwagawa watu 1,000 wenye maumivu ya kifua, troponini ya kwanza safi na ECG isiyo na dalili za moyo kukosa damu. Waliopigwa CT mapema walikaa hospitali pungufu kwa wastani wa saa 7.6, na asilimia 47 waliruhusiwa moja kwa moja kutoka idara ya dharura, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao. Bei yake ilikuwa vipimo vingi zaidi baadaye na mionzi zaidi. Mwaka 2021 Uingereza ilitoa utafiti wa RAPID-CTCA, watu 1,748, na CT ya mapema haikupunguza vifo wala mishtuko ya moyo kwa mwaka mmoja: asilimia 5.8 dhidi ya 6.1. Waliopitishiwa waya ili kukaguliwa mishipa ya moyo walipungua kutoka asilimia 60.8 hadi 54, basi. Mwongozo wa Ulaya wa 2023 ukaja kusema CT ya mapema isifanywe kama desturi kwa kila anayedhaniwa, ila ifikiriwe kwa yule ambaye troponini haijapanda, ECG haijabadilika na maumivu hayajarudi.

Watu huzisoma tafiti hizi mbili kana kwamba zinapingana. Sioni hivyo. Wengi wa Uingereza walikuwa tayari na troponini iliyopanda, ECG mbovu au ugonjwa unaojulikana. Watu hao walishaonyesha njia ya kwenda kwenye waya. Wa Marekani walikuwa wa kati hasa, tena enzi ambazo troponini ya usikivu wa juu haijaingia huko. Hospitali isiyo na troponini hiyo bado inaishi katika hali ya Marekani ya 2012, na kwake CT ina kazi kubwa kuliko mwongozo wa Ulaya unavyodokeza. Hospitali iliyonayo inaweza kuruhusu watu wengi kwa damu tu, na kuiacha CT kwa wachache.

Mionzi: kwa mashine ya kisasa na mpigaji makini ni kama milisiveti 2 hadi 5, wakati mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa mzee wa miaka 60 sihangaiki. Kwa mwanamke wa miaka 32 mionzi inapita kwenye matiti, na hapo nitatafuta njia nyingine kwanza. Figo: leteni kipimo cha kreatinini. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, na figo zake zimeshachoka aseme, atapewa maelekezo ya kuisimamisha.

Eko na CT zikisimama pamoja

Ukiwa na shamba la zabibu Mpunguzi, CT inakagua mabomba ya maji na eko inakagua mizabibu. Bomba linaweza kuwa limeziba nusu na mizabibu bado ina kijani. Mizabibu inaweza kunyauka kwa ugonjwa ambao hauhusiani na bomba.

Kwa hiyo maumivu yakiwepo sasa hivi, eko. Maumivu yakiwa yameondoka, eko ikawa safi, troponini zikawa safi, na bado daktari hatulii, CT. Kuianza CT kwa mtu anayeugulia, mwenye mapigo 110 na presha inayoyumba, ni kumlaza mbali na muuguzi na mashine ya kushtua moyo kwa ajili ya picha ambayo pengine itatoka mbovu. Mgonjwa asiyetulia hapaswi kuja kwenye chumba chetu kabisa.

Kipimo cha kuuchosha moyo

Moyo ukipumzika unaweza kuficha mshipa uliosinyaa. Ukiuchosha, kwa mashine ya kukimbilia au kwa dripu ya dobutamini inayoongezwa hatua kwa hatua, sehemu yenye njaa ya damu inazubaa na eko inaiona. Hakuna mionzi, figo hazihusiki, chokaa haisumbui. Kwa mwenye kisukari na figo dhaifu nakipenda kipimo hiki kuliko CT. Pia kinajibu swali ambalo CT haijibu: huu mshipa uliosinyaa nusu, je, unamnyima damu kweli?

Sharti lake ni moja na halina mjadala. Kifanywe baada ya troponini kuthibitika safi na maumivu kuondoka. Kumkimbiza mtu ambaye mshipa wake unaziba wakati huo huo ni hatari. Na kinahitaji timu: daktari, muuguzi, dawa za dharura mezani, mtu wa kupiga eko haraka moyo ukiwa juu. Pasipo na timu hiyo, mashine ya kukimbilia iliyowekwa pembeni si huduma.

Kukimbia kwa ECG peke yake, bila picha, kunapatikana kwa urahisi zaidi na si vibaya kwa mtu mwenye miguu mizuri na ECG ya kawaida, ila kunakosea mara nyingi zaidi.

MRI

MRI ya moyo ndicho kipimo kinachoombwa sana na ndugu na kinachohitajika mara chache siku ya kwanza. Inachukua dakika 45 hadi saa nzima ndani ya bomba lenye kelele, mgonjwa akibana pumzi mara nyingi, na ni vigumu kumhudumia ghafla akibadilika humo ndani. Mtu asiyetulia haingii.

Lakini ikija siku yake haina mpinzani. Msuli ulioumia huihifadhi kontrasti ya gadoliniamu na kung'aa, na namna unavyong'aa inaeleza kisa. Doa linaloanzia upande wa ndani wa ukuta na kufuata eneo la mshipa mmoja ni shambulio la moyo. Doa lililo katikati au upande wa nje linaelekeza kwenye msuli uliovimba kwa maambukizi. Picha za uvimbe husaidia kutenganisha jeraha jipya na kovu la zamani, jambo ambalo eko inashindwa. Kwa hiyo MRI ni ya fumbo: troponini imepanda kweli, waya umepitishwa au CT imepigwa, mishipa ni safi, sasa ni nini? Hapo ilipieni bila kunung'unika.

Stenti za moyo haziizuii MRI, ingawa watu wanaziogopa. Betri ya moyo inaweza kuizuia. Njooni na kadi yake, kwa sababu za kisasa nyingi zinaruhusiwa kwa masharti. Figo zilizochoka sana lazima zitajwe. Ikiwa mtapangiwa MRI ya kuuchosha moyo kwa adenosini, mwenye pumu aseme, na mgonjwa akae bila kahawa, kola wala chai kwa saa 12 hadi 24. Chai ya rangi nayo ni chai. Wengi huiona kama maji.

Picha za nyuklia

Hapa nitapita haraka. Teknesiamu, dawa yenye mionzi, inachomwa kwenye mshipa, inakwenda ilikokwenda damu na kubaki humo, kwa hiyo ukimchoma mgonjwa akiwa anaumwa, unaweza kupiga picha baadaye kidogo na bado ukaona hali ya ile dakika ya maumivu. Ni wazo zuri sana. Mwaka 2002 utafiti wa Marekani wenye watu 2,475 ulionyesha kuwa ulazaji usio wa lazima ulishuka kutoka asilimia 52 hadi 42. Shida ni kwamba nusu ya dawa hiyo huisha nguvu kila saa 6, haiwekwi stoo kama dripu, na mionzi yake ni kama milisiveti 10. Tanzania, tiba ya nyuklia inajulikana zaidi Ocean Road, Dar es Salaam, na kazi yake kubwa huko ni saratani. Kwa dharura ya Dodoma sitaiweka kwenye orodha yangu.

Mimi ningechagua hivi

Mama wa miaka 48 kutoka Nkuhungu, presha ya muda mrefu, kifua kinabana akiwa hapo mapokezi, ECG imeharibiwa na moyo ulionenepa kiasi kwamba haisomeki kwa uhakika: eko sasa hivi, huku troponini ya pili ikisubiriwa. Ukuta ukizubaa, njia ni kwenye waya. Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale eneo la UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), ina maabara ya kupitisha waya, kwa hiyo safari si lazima iwe ya Dar kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kama zamani.

Mwalimu wa miaka 52 kutoka Mpwapwa, maumivu yalikuja jana jioni yakaisha, ECG mbili na troponini mbili safi, figo nzima, hajawahi kuugua moyo. Huyu ameumbiwa CT, kama mashine inafaa. Kama haifai, eko ya kuuchosha moyo, hata ikibidi arudi baada ya siku mbili tatu akiwa na aspirini yake.

Babu wa miaka 71, kisukari, kreatinini juu, aliwekewa stenti miaka ya nyuma, maumivu yanafanana na yale ya kwanza. CT itapoteza fedha na figo. Maumivu yakiwa ya wazi hivyo, nazungumza na daktari wa moyo kuhusu waya moja kwa moja, na figo zilindwe. Daktari akiona bado kuna shaka, basi eko ya dobutamini.

Na yule kijana wa miaka 29 aliyekuwa na homa wiki iliyopita, kifua kinauma, troponini iko juu: eko kwanza kuona nguvu za moyo na kama kuna maji, kisha MRI. Siyo siku hiyo hiyo, bali mara akitulia.

Kabla ya kusafiri na kulipa

Mwambieni daktari aandike swali kwenye fomu ya maombi. "Maumivu ya kifua, naomba CT" haitusaidii. "Mwanaume 52, troponini mbili safi, hana historia, je, mishipa imesinyaa?" inatusaidia kuandaa dawa, kupanga mapigo na kusoma kwa makini panapohusika. Mtu wa dirisha la bima aulizwe mapema kama kipimo kinahitaji kibali, kwa kuwa kibali kikichelewa hadi jioni, mgonjwa aliyefunga tangu asubuhi anarudishwa wodini.

Chukueni picha zenyewe kwenye CD pamoja na karatasi ya ripoti. Hospitali ya pili isipoziona picha itapiga upya, na hiyo ni kontrasti nyingine, mionzi mingine, malipo mengine. Kuhusu safari: treni ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, inamfaa mgonjwa aliyetulia anayekwenda Dar kwa miadi. Mwenye troponini iliyopanda au maumivu yanayorudi hapandi treni wala basi kwenda kutafuta picha. Huyo anahamishwa kwa gari la wagonjwa, na muuguzi pamoja na mashine ya kushtua moyo ndani yake, hospitali inayompokea ikiwa imeshapigiwa simu.